Kesi ya Maji, Darasa la Sita

Juzi nilikuwa Dunga nakula ngege wa kukaanga, yule samaki wa ziwani, televisheni ya hoteli ikionyesha Rais akiapishwa, Jaji Mkuu amesimama kando yake na joho lake. Wengine walipiga makofi, wengine wakasonya. Mimi nilichambua miiba tu. Sikusikia chochote moyoni, rafiki yangu, na ganzi hiyo ndiyo iliyonirudisha kimawazo kijijini Katito.

Huko nililelewa na nyanya, mimi na binamu yangu, tukila dagaa wa omena sahani moja. Asubuhi ilianza kwa moshi wa kuni na redio ya jirani. Tulipofika darasa la sita, mwalimu alichoka kutukaririsha vyeo vya serikali, akasema tuvicheze muhula mzima. Binamu akapigiwa kura, akawa Rais: yeye ndiye wa kupanga nani anafagia na nani anateka maji mtoni. Mimi niliyesoma haraka nikateuliwa Jaji Mkuu, nikavishwa sweta nyeusi ya mwalimu.

"Rais akikosea, wewe ndiye wa kumwambia," mwalimu alinionya. "Na hawezi kukufuta kazi."

Sheria iliandikwa ubaoni: kila mtu kuteka maji mara moja kwa wiki. Kesi zilisikizwa Ijumaa, tukishakula nyoyo, yale mahindi na maharagwe ya mchana.

Binti wa jirani hakumpigia binamu kura, na alisema wazi. Basi akapangiwa maji kila siku. Ijumaa ilipofika alisimama mbele yangu, mabega yamelowa, akanyooshea ubao kidole. Jamani, hata kipofu angeona! Lakini binamu alikuwa amenikazia macho, na nyanya nilikuwa nimemweleza tukianika omena, akacheka: "Nyathina, mwanangu, damu ni nzito kuliko maji."

"Kesi imeahirishwa hadi Ijumaa ijayo," nikasema.

Nilisema hivyo Ijumaa tatu. Ya tatu, binti alishusha kidole chake kutoka ubaoni. "Kumbe nimempelekea nyani kesi ya ngedere," akasema, akabeba mtungi wake akatoka. Wee! Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Ijumaa ya nne niliamka nimeamua. Nilivaa sweta, nikasimama mbele ya darasa zima. "Rais, umekosea. Kuanzia leo maji ni kwa zamu." Binamu alinuna, na tangu siku hiyo akawa anakula peke yake. Nikageuka kumtafuta mlalamishi wangu. Dawati lilikuwa tupu.

"Wamehamia Muhoroni jana," mtu akasema. "Babake amepata kazi ya kukata miwa."

Darasa lile lilishabomolewa. Nyanya tulimzika, na binamu tunasalimiana matangani tu, mkono mmoja, basi. Nayasema haya yote na wala hayaniumi, sijui ni umri au ni mazoea. Hukumu yangu ilikuwa ya haki, mwalimu mwenyewe aliisifu. Aliyeihitaji hajaisikia mpaka leo.