Babu Akikohoa, Mama Haonekani

Mzee akikohoa karibu yangu, hata leo nikiwa mtu mzima mwenye watoto, shingo hugeuka yenyewe kumtafuta mama yuko wapi. Sisemi kikohozi cha mafua. Nasema kile kikavu, cha makusudi, cha mtu asiye na tatizo lolote kifuani. Juzi hapa Iringa nilikuwa kwenye foleni ya dawa, mzee mmoja mwenye koti la sufu akakohoa hivyo nyuma yangu, nami nikaruka pembeni. Watu wakadhani nimempisha kwa adabu. Kumbe mwenzenu nilikuwa nimesharudi nyumbani kwetu Uyole, nina miaka minane, na babu anaingia getini.

Babu mzaa baba alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, wa kizazi ambacho mke hamtazami baba mkwe wake wala hamsemeshi, na baba mkwe naye hamtazami mkaza mwanawe. Ni heshima, si ugomvi. Hata wakati ule wengi walikuwa wameanza kulegeza, wanasalimiana na wakwe zao kwa mbali huku wakicheka. Mama yangu hakulegeza. Na mama hakuwa hata Mnyakyusa, alikuwa Mhehe wa Kilolo. Alipoolewa, mashangazi wa baba walisema huyu wa Iringa ana shingo ngumu, mambo yetu hatayaweza. Kumwambia mama kwamba jambo fulani hataliweza lilikuwa kosa kubwa. Aliishika ile mila kuliko waliozaliwa nayo.

Kwa hiyo babu akishuka kwenye basi pale njia panda, akija na mkungu wake wa ndizi na maparachichi kwenye kiroba, alianza kukohoa kabla hajafika kwenye ua wetu. Mama alikuwa akisikia tu, anaondoka alipo. Alijua kupotea yule mama. Mara yuko jikoni, jiko letu la mbao lililokuwa nje, mara yuko nyuma ya banda la kuku. Siku moja kikohozi kilimkuta katikati ya ua anaanika nguo, hana pa kwenda, akachuchumaa hapo hapo na kujifunika shuka lililolowa, mwezi wa saba, na mnaijua baridi ya Uyole ya mwezi wa saba. Babu akageukia ukuta wa nyumba na kuanza kuusifu. Akasema ukuta huu umejengwa vizuri, fundi wake nani, mbona matofali yamenyooka hivi. Aliusifu mpaka mama akapata njia ya kupita.

Mdogo wangu Atupele, tuliyemwita Atu, alikuwa na miaka mitano na maswali ya mtu wa hamsini. Siku hiyo alimfuata mama jikoni.

"Mama, wewe na babu mnacheza kombolela?"

"Hapana, mwanangu."

"Mbona unajificha?"

"Ni heshima."

Atu akafikiri. "Sasa mbona babu hakutafuti?"

Mama alicheka mpaka akaweka kisu chini. Lakini Atu alikuwa ameshatengeneza jibu lake, na jirani alipokuja kuuliza kama mama yupo, alimwambia, "Yupo, ila leo haonekani."

Kwa kuwa watu wawili hawasemeshani lakini lazima wale na waulizane hali, sisi watoto ndio tuliokuwa njia. Mimi nilibeba vyakula, Atu alibeba maneno. Mwanzoni nilibeba vyote, ila mama aliniondoa kwenye maneno kwa sababu, alivyosema, nilikuwa nayafanyia matengenezo njiani. Labda ni kwa kuwa baba alikuwa fundi wa springi za malori pale barabarani, na mimi sikuweza kuona sentensi imepinda nikaiacha. Atu hakutengeneza kitu. Alichukua maneno kama yalivyo, na vumbi lake, akayafikisha.

Kisha bibi akafariki, na babu akabaki peke yake Tukuyu. Baada ya miezi kadhaa alikuja kwetu, safari hii akiwa na ndizi chache na utani kidogo. Kwa kawaida alituita wake zake, mimi mkubwa na Atu mdogo, na alikuwa akitugombanisha kwa makusudi ili aone nani anampenda zaidi. Siku hiyo aliketi sebuleni na koti lake, akanitazama, akamwambia baba, "Nimekuja kumchukua mke mkubwa. Akakae na mimi."

Nami niwaambieni ukweli, nilifurahi. Kwa babu kulikuwa na maziwa asubuhi na jioni. Kulikuwa na kitanda ambacho Atu hayumo na miguu yake ya kupiga mateke. Nilianza kuhesabu kichwani sweta zipi niende nazo. Ilionekana kwangu ni jambo lililokwisha, maana nani angemkatalia babu? Baba aliyekuwa akigonga chuma kutwa nzima na kuwafokea madereva wa Zambia, mbele ya baba yake alikuwa na sauti ndogo sana. Alisema, "Sawa, baba, ngoja tuongee," akatoka kwenda jikoni, nami nikamfuata kuchukua sahani.

Mama alikuwa anapika ndizi, zile alizofundishwa na mashangazi waliosema hataweza. Baba akamweleza. Mama aliendelea kukoroga, akaanza kuongea na chungu, kwa sauti ya chini, kama afanyavyo mtu akiwa na hasira asiyotaka kumpa mtu. Baba akarudi sebuleni mikono nyuma. Mama akapakua, akamwambia Atu aliyekuwa ameketi kwenye kigoda, "Kamwambie babu karibu chakula."

Tukaenda wote wawili, mimi na sinia, Atu na maneno. Nilipoweka sinia mezani, Atu akasimama mbele ya babu, mikono nyuma kama baba, akafikisha.

"Babu, mama anasema karibu chakula. Anasema mtoto ni wake, hakumzaa akamchotee mtu maji. Anasema sasa atamwambiaje mtu asiyeruhusiwa hata kumtazama. Anasema akikataa wataanza tena, Mhehe ana shingo ngumu. Anasema na ndizi ni za moto, ule polepole."

Baba alifumba macho. Mimi nilijua kwamba Atu atachapwa, na nikaona ni haki yake. Babu alinawa, akala, polepole kama alivyoambiwa, na tukasimama pale wote tukimtazama anavyotafuna. Alipomaliza akajifuta mikono, akamvuta Atu karibu.

"Gwe Atu. Kamwambie mama yenu, mzee amesikia. Mwambie maji si tatizo, bomba liko mlangoni pangu. Mimi natafuta mtu wa kuongea naye tu. Nyumba imenyamaza sana."

Alisema kwa sauti kubwa kuliko iliyohitajika kwa mtoto aliyesimama magotini pake. Jiko letu lilikuwa la mbao, na mbao zina nyufa. Hata hivyo Atu alikimbia kufikisha, maana kazi ni kazi, na nilipofika na sinia tupu nikamkuta anamalizia: "...anasema nyumba imenyamaza." Mama alikuwa ameshika mwiko hewani, na machozi yanamtoka, asiyafute. Sikuwahi kumwona mama akilia kwa ajili ya mtu asiyemjua sura.

Kisha akamwambia Atu, "Nenda. Na leo usiongeze neno."

"Mimi siongezagi," Atu alisema, akiwa ameumia kweli.

"Mwambie Tuse haendi," akasema akininyooshea mwiko. "Mwambie babu abaki hapa hapa. Chumba cha mbele ni chake."

Baba, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa jiko, akauliza, "Na wewe? Utaishi vipi? Utajificha nyumbani kwako kila siku?"

"Nimejificha akiwa mgeni miaka yote, nitashindwa kujificha akiwa mwenyeji?" Mama akarudi kwenye chungu chake. "Nenda, Atu."

Atu akaenda. Safari hii babu alikunja na kukunjua kofia yake mara kadhaa. Mwishowe akasema, "Mwambie mama yenu ndaga, asante sana. Mwambie nitakohoa."

Hivyo ndivyo nilivyokosa maziwa ya asubuhi na jioni. Nilinuna wiki nzima. Babu alirudi Tukuyu kufunga nyumba yake, akaja na sanduku na kiti chake, akaishi na sisi miaka yote iliyobaki. Nyumba yetu ikajifunza kutembea kwa kikohozi. Babu akitoka chumbani, anakohoa. Akienda bafuni, anakohoa. Akirudi, anakohoa mara mbili ili mama ajue kwamba njia iko wazi. Mama alitundika kanga kuukuu kwenye kamba, ikaukata ua sehemu mbili, na kila upande ukawa na maisha yake.

Atu alipoanza shule tulidhani mazungumzo yatakufa. Hayakufa. Siku moja nilirudi nikamsikia babu, upande wake wa kanga, akimwambia kuku, "Gwe kuku, mwambie mwenye nyumba mvua inakuja, nguo ziko nje." Upande wa pili mama akaliambia sufuria, "Wewe sufuria, anayependa chumvi sana ajue leo ni kidogo, daktari amekataza." Wakaendelea hivyo, kuku na sufuria, mpaka chakula kikaiva. Walizungumza bei ya mahindi, tabia za majirani, na uvivu wangu wa kuosha vyombo, na kwa jambo hili la mwisho kuku na sufuria walikubaliana kabisa.

Nilipokuwa sekondari babu alipata mtoto wa jicho, macho yote mawili, akawa haoni kabisa. Nilimwambia mama, kwa uhakika wa mtu aliyesoma, kwamba sasa anaweza kukaa uani kwa raha zake, mzee haoni kitu. Mama alikuwa anasikiliza kikohozi kikija kutoka chumba cha mbele. Akajifunika kanga, akainuka. "Yeye haoni," akasema, "mimi je?"

Na babu naye hakuacha. Alikuja akipapasa ukuta kwa fimbo, akikohoa kila mlango. Siku ya soko nilimwambia, "Babu, usijichoshe, mama hayupo, ameenda sokoni."

"Najua," alisema. "Nyumba yake si ipo?" Akakohoa, akasubiri kidogo, ndipo akapita.

Alipofariki, baba alimuuliza mama kama angependa kumwona kabla jeneza halijafungwa. Mama alifikiri, akaingia peke yake. Alitoka baada ya muda, amejifunika mpaka paji la uso, akanishika mkono kwa nguvu.

"Tuse," aliniambia, "mbona hamkuniambia kwamba Atu amefanana naye?"

Ukoo mzima ulijua, Tukuyu nzima ilijua. Ile pua, ule mwanya, yale masikio, vilikuwa vya babu. Kila mtu alikuwa anasema, na hakuna aliyefikiria kwamba mama, aliyemwosha mtoto huyo na kumsuka kila Jumapili, alikuwa hajui anashika uso wa nani.

Utotoni nilidhani kikohozi kile kilikuwa cha kumfukuza mama. Nilimwonea huruma, na kwa miaka kadhaa nilimwonea hasira kwa kukubali. Sasa nina nyumba yangu, na najua babu alikuwa anapiga hodi. Kwenye nyumba ya mwanawe mwenyewe hakuwahi kupita mlango bila kumwomba mama nafasi. Na najua mama alilipa nini. Aliutoa ua wake, jua lake la asubuhi, raha ya kukaa popote kwake, ili mimi niendelee kulala kwenye kitanda kile chenye mateke ya Atu. Nampenda kwa hilo kuliko nilivyowahi kumwambia.

Baba mkwe wangu mimi ni Mbena, mstaafu wa kiwanda cha karatasi cha Mgololo, mtu mwema sana. Tunapeana mikono, tunataniana, tunatumiana picha kwenye simu. Kasoro yake ni moja, anaingia jikoni kwangu bila taarifa na kufunua masufuria. Mwezi uliopita alifunua la nyama, akaonja, akasema chumvi haijakolea. Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Nikamgeukia binti yangu mdogo, Nuru, nikamwambia, "Kamwambie babu, akitaka kuingia jikoni akohoe kwanza."

Nuru akageuka nusu hatua. "Babu, mama anasema ukitaka kuingia jikoni ukohoe kwanza. Na amekunja uso."

Mzee alicheka, akarudisha mfuniko, akatoka mpaka barazani. Kisha akakohoa. Kilikuwa kile kile, kikavu, cha makusudi. Mkono wangu ukapanda wenyewe kwenye ncha ya kanga, na miguu ikatafuta mlango wa nyuma. Nilisimama hivyo kidogo, Nuru akinitazama.

"Karibu, baba," nikasema kwa sauti yangu mwenyewe, neno ambalo mama, kwa miaka yote ile, hakuwahi kumwambia babu.