Kura ya Mafuta ya Kijani

Kijijini kwetu, juu ya Mlola, watu walipiga kura kuhusu rangi ya mafuta ya injini. Nilikuwepo, nimesimama nyuma na wanawake, cheti cha kidato cha nne bado kinanukia wino, na aibu niliiona mimi kwa niaba yao wote.

Mashine yenyewe ilikuwa ya kusaga mahindi, ya dizeli, mali ya kijiji cha ujamaa. Kwetu nyumbani ilikuwa zaidi ya hapo. Mama alianguka mteremkoni na mzigo wa kuni, bega likateguka, na halikurudi sawasawa. Kutwanga hawezi. Baba alishafariki. Mimi nilikuwa nimepata nafasi chuo cha ualimu. Mashine ikisaga, naondoka. Ikifa, nani atamtwangia?

Basi likaja pipa la mafuta kutoka Tanga. Mwendesha mashine akafungua, akachovya kijiti, kikatoka na kijani. Tulizoea ya njano, kama asali. Akamwita mwenyekiti, na mwenyekiti akaita mkutano, maana siku zile hata paka akizaa uliitwa mkutano.

Mwenyekiti alikuwa na shamba la plamu, na kila kitu cha dunia hii alikipima kwa plamu. Akainua kile kijiti watu wakione.

"Ndugu wananchi, kijani maana yake nini? Kitu kibichi. Tanga wametuletea mafuta mabichi kwa sababu sisi ni watu wa milimani."

Watu wakaguna kukubali. Mzee mmoja akauliza kama hayawezi kuanikwa juani yakaiva. Hakucheka mtu. Wakalijadili hilo, wengine wakasema jua la kwetu halina nguvu, labda yapelekwe Muheza kwenye joto.

Uvumilivu ukaniishia, nikanyoosha mkono. Nikaeleza kwamba shuleni tulikuwa na jenereta, na mwalimu wa kemia alitupeleka kuiona. Mafuta yakishasafishwa huwa ya njanonjano tu. Dawa zinazochanganywa humo ndizo zinazoyakoleza, halafu mwenye kiwanda akitaka anatia rangi, nyekundu, kijani, buluu, ili mali yake ijulikane na watu wasichanganye ya injini na ya gia. Rangi haisemi kama mafuta ni mazuri. Kinachosema ni maandishi ya ubavuni mwa pipa, na nilikuwa nimeyasoma: injini ya dizeli, uzito uleule wa siku zote. Nikawaambia ya kuogopa ni yale meusi yaliyomo kwenye mashine, yamebeba masizi mpaka yamechoka, kama maji ya kuoshea sufuria.

Mwenyekiti alinisikiliza kwa upole, ule wa kumsikiliza mtoto anayesimulia ndoto.

"Binti yetu kasoma, tunajivunia," akasema. "Lakini hayo meusi ndiyo yaliyoiva, na mashine imeshayazoea."

Wakampigia makofi. Akauliza nani anataka pipa lirudi Tanga, mikono ikajaa hewani. Nikamtazama mama. Alikuwa ameunyoosha ule mkono wake mzima.

Njiani nikamuuliza kwa nini. Hakugeuka.

"Ulitaka nibaki peke yangu upande wako? Ukishaondoka nani atanibebea kuni?"

Nikakasirika zaidi.

Mashine ikaendelea na meusi yake. Ikaanza kugonga, ikatoa moshi mzito, na siku moja ikakwama mahindi ya watu yakiwa bado juu yake. Haikuwaka tena. Pipa la mafuta ya kijani lilikuwa palepale ofisini, halijafunguliwa tena, likingoja lori la kulirudisha. Mwenyekiti akatangaza kwamba ni hujuma.

Kila nyumba ikatoa kinu chake nje. Wale majirani ambao mama aliogopa kuwaudhi, sasa kila mmoja alikuwa na mahindi yake ya kutwanga na hakuna aliyekuwa na mkono wa kuazima. Mama alijaribu mara moja, mchi ukamtoka, akakaa chini. Chuo kilifunguliwa bila mimi.

Siku ileile, nikiwa natwanga nje, mwenyekiti alipita njiani, mkononi ana kikapu cha plamu. Nikasimamisha mchi nikampa shikamoo yake, maana ndivyo nilivyolelewa. Akaitikia marahaba, akatazama unga, akaridhika.

"Hii sasa ndiyo elimu ya kujitegemea, binti."

Nikaongeza mahindi kwenye kinu.