Siku Nilipompiga Adui wa Kagera

Harufu ya masizi yaliyokorogwa kwa mafuta ya nazi bado hunikaza vidole. Ndiyo tuliyopakwa usoni, shuleni kwetu Tongoni, siku tulipoigiza Vita vya Kagera mbele ya wazazi. Nilikuwa darasa la tano. Wasichana tulipangiwa kuimba. Mimi nililia mpaka mwalimu akachoka, akanitia jeshini na kunipa bunduki ya shina la kuti.

Niwaambie ukweli, sikutaka kuigiza. Nilitaka kulipiza. Mjomba Bakari, mtoto wa kiume pekee wa bibi yangu, alikwenda vitani kabla sijazaliwa, akazikwa hukohuko Kagera. Bibi hakuiona hata maiti yake. Kila jioni, akichambua mchele, alisema, "Wameniulia mwanangu, Mungu awalipe." Mimi niliona Mungu anachelewa.

Wa kulipa alikuwa Twaha. Hakuna aliyetaka kuwa askari wa nduli aliyetuvamia, basi mwalimu akawachukua wote waliokuja Jumatatu bila fagio. Twaha, mtoto mpole asiyekaukwa na kamasi, alikuwa amesahau la kwake. Kwangu hilo halikumpunguzia kosa hata kidogo.

Kipenga kilipolia tukavuka Mto Kagera, yaani mstari wa majivu katikati ya uwanja. Maadui wakaanguka mmoja mmoja kama walivyofundishwa. Mwalimu alishaonya kwamba aliyekufa hatikisiki mpaka bendera ipande. Nikamkuta Twaha amelala kifudifudi, nikamtandika mgongoni. Watu wakacheka, wakapiga makofi. Nikampiga tena, na tena, nikisema, "Hii ya mjomba." Raha niliyoisikia siwezi kuikana. Nilitaka apige kelele. Naye, kwa kumwogopa mwalimu, akabaki amekufa, machozi yakimchuruzika mchangani. Pigo la mwisho likamchana sikio.

Makofi yakakatika. Bibi akatoka kwa wazazi akikokota ndala, akaninyang'anya ile bunduki.

"Shikamoo bibi," nikasema.

Bibi akaivua kanga aliyojitanda, akabaki kichwa wazi mbele ya wanaume wote wale, akamfunika Twaha kutoka utosini hadi nyayoni. Kisha akaketi mchangani kando yake. Twaha hakutikisika.

"Mwiteni mamake," bibi akasema. "Aje amwone mwanawe."

Nilimchukia. Niliona kahamia upande wa adui, na kwa miezi kadhaa nilikataa kula naye sinia moja. Aliponiita niliitika nikiwa nimempa mgongo. Bibi hakunigombeza wala hakunieleza chochote, na ile dua yake ya jioni sikuisikia tena.

Mpaka nikazaa wa kwangu wa kiume ndipo nilipoelewa. Tangu vita viishe, bibi alikuwa akitafuta mtu wa kumfunika. Siku ile, kwa dakika chache, alimpata Bakari, na aliyemuua nilikuwa mimi.