Mtandao Uliosingiziwa

"Mtandao unasumbua, mama," mhudumu wa kliniki moja Bomang'ombe alisema bila kuinua macho. Mama huyo aling'ang'ania kaunta kwa mikono miwili. Alihitaji picha ya eksirei ya mwanawe, na daktari wa mifupa alikuwa akiwasubiri Moshi. Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni, na simu yangu ilikuwa inashika mtandao vizuri kabisa, basi nikachungulia chumba cha nyuma.

Fundi mmoja alikuwa akiweka programu ya kuifanya seva moja, yaani kompyuta kuu ya kliniki, ifanye kazi za seva kadhaa, na skrini ilikuwa imeganda. Akapeleka kidole kwenye swichi. Fundi mwenzake, msichana, akamdaka mkono. "Unazima tena, kaka? Si usome kwanza imekwama wapi!"

Mstari wa mwisho kwenye skrini ulitaja draiva, yaani programu inayoiongoza kadi ya diski zenye picha za wagonjwa. Wakaichomoa kadi, programu ikaingia. Wakairudisha na draiva inayoifaa, picha zikafunguka.

"Mtandao umerudi," mhudumu akatangaza.

"Kwani ulikuwa umekwenda wapi?" nikamuuliza.

Akacheka. "Dada nawe! Ndivyo tunavyosema."

Ndivyo tunavyosema, na yule mama nusura aondoke mikono mitupu. Ukijibiwa hivyo kwenye kaunta yoyote, azima swali la yule msichana: imekwama wapi?