Ngozi ya Maksai wa Mama

Kila nikisikia tangazo la kubeti redioni likimalizia na ile sauti ya upole, "Cheza kistaarabu," natamani kuizima redio kwa kiatu. Mimi nilicheza kistaarabu. Anayetaka kumwona mstaarabu wa kubeti aje anitazame.

Nafundisha hisabati shule ya msingi, hapa Sumbawanga, na nimepanga Katandala. Nilikuwa nikipita kijiwe cha bodaboda, nawaona vijana wameinamia simu, wanabishana mkeka wa nani, ile orodha ya mechi alizobetia, umechanika kwa goli la dakika za mwisho, nami nawadharau. Watu wasio na mipango hawa, nasema moyoni. Mkeka wangu mimi niliupanga kimya ofisini, simu imelala juu ya madaftari ya watoto, kalamu nyekundu mkononi. Kumbe tofauti yetu ilikuwa shati langu la kuchomekea.

Ukurasa wa tahadhari wa kampuni ya kubeti niliusoma wote, nadhani ni mimi peke yangu mkoa mzima. Nikajiwekea ukomo wa fedha za kubeti kwa wiki. Simu ikanipongeza. Ukomo ulipoisha, palikuwa na sehemu ya kuuongeza, ila usubiri siku moja kwanza ili utafakari. Nikasubiri siku moja. Sikutafakari chochote, nilikuwa natazama saa tu, kisha nikauongeza. Nikapongezwa tena, na bwege mimi nikafurahi.

Mwaka huo mshahara ulikuwa ukiingia na kutoka kama mgeni aliyekosea nyumba. Ndipo nikakumbuka kanuni kuu ya ule ukurasa: usicheze kwa kitu usichoweza kukipoteza. Nikaanza kutafuta ninachoweza kupoteza. Mama yangu, mjane, anaishi Mwimbi, analima mahindi na ulezi kwa maksai wawili ambao marehemu baba aliwafundisha kazi tangu wakiwa ndama. Wawili. Nikimuuza mmoja, nikawaza, anabaki mmoja. Nusu imebaki, kwa hiyo sijavuka kiasi. Mtoto wa Ufipa, niliyekua nikishika mkia wa plau, mwalimu wa hesabu, niliwaza hivyo na nikaona nina akili.

Maksai wa kulia alikuwa akichechemea kidogo. Nikamwambia mama nampeleka mjini kwa bwana mifugo. Nilimpeleka mnadani. Kilichopatikana kiliisha kabla ya Jumatatu, na sitaki kukizungumzia. Nikarudi Mwimbi na uso wa msiba, nikasema ng'ombe amekufa.

Mama alikuwa akipepeta ulezi. Hakulia.

"Ngozi iko wapi?"

Hilo sikuwa nimelipanga. Kwetu ng'ombe hafi hivi hivi tu. Hata akifa kwa ugonjwa, kitu kinarudi nyumbani, ngozi, kwato, hata kamba aliyofungiwa. Nikasema kwa macho makavu kwamba bwana mifugo ameagiza achomwe mzima, ugonjwa mbaya, serikali haitaki mchezo. Mama alinitazama kidogo, akaendelea kupepeta.

Mvua za kwanza zikaja, watu wakaingia mashambani. Nilikwenda Jumamosi moja kusaidia. Tulimtoa yule maksai wa kushoto. Alikwenda mwenyewe hadi ilipo nira, akasimama upande wake, upande wa kulia akauacha wazi, akangoja. Tulijaribu kumwazimia mwenzake kwa jirani. Akagoma, akawa anamsukuma mgeni kwa bega. Tukamrudisha zizini. Mama akachukua jembe la mkono, akaanza kulima shamba ambalo plau lingelimaliza kwa siku chache. Ana goti baya. Mimi nilikuwa nyuma yake nikilima, na simu mfukoni inatetema kwa ujumbe wa bonasi ya wikiendi. Nilijichukia pale shambani, na bado nilikwenda nyuma ya choo nikaifungua.

Hapo ndipo niliogopa. Wiki iliyofuata nikaenda hospitali, kitengo cha afya ya akili, nikiwa nimeshusha kofia nisije nikaonwa na mzazi wa mwanafunzi. Nilikuwa nikidhani pale ni kwa vichaa wanaookota makopo. Nesi alikuwa binti mdogo ambaye ningeweza kuwa nimemfundisha. Akaniamkia, nikamwaga yote, hata ukomo wangu wa kila wiki nikamweleza kwa fahari kidogo. Hakunipongeza.

"Mwalimu," akasema, "wewe ukomo haukufai. Kwako ni kufunga. Akaunti uifunge moja kwa moja, siyo kupumzika wiki. Laini ya simu unayohamishia mshahara ashike mtu mwingine kwa sasa. Halafu kuna mtu umemdanganya. Huyo umwambie, kisha urudi hapa Alhamisi, na Alhamisi nyingine."

Akaunti niliifunga mbele yake. Niliulizwa mara tatu kama nina uhakika. Wakati wa kuingiza fedha sijawahi kuulizwa hata mara moja.

Jumapili nikashuka Mwimbi. Misa ilikuwa imetoka, mama amesimama nje ya kanisa na jirani yetu mmoja, mwanamke mwenye kuuliza sana. Nikawasalimu shikamoo. Jirani hakupoteza muda.

"Ila mimi yule ng'ombe wenu bado sijamwelewa. Hata ngozi?"

"Waliichoma," mama akajibu. "Mwanangu alinionyesha majivu."

Sikuwahi kumwonyesha mama majivu yoyote.

Tukatembea hadi nyumbani. Nikaketi kwenye kigoda, nikatoa laini ya simu nikaiweka mkononi mwake, nikamweleza: kubeti, mnada, nesi, Alhamisi. Nilimwambia yote. Akasikiliza hadi mwisho, akaifunga ile laini kwenye pindo la kanga.

"Alirudi," akasema.

"Nani, mama?"

"Ng'ombe. Siku tatu baada ya wewe kuja kuniambia amekufa. Alikata kamba kwa aliyemnunua, huko mbele ya kijiji hiki, akaja akasimama pale zizini, upande wake wa kulia. Mwenyewe akaja nyuma yake na karatasi ya mnada. Jina lako najua kulisoma, baba. Ulinifundisha wewe. Nikampa ng'ombe wake akaenda."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, miezi yote ile.

"Nilitaka useme mwenyewe."

Akainuka kwa shida, akishika goti, akachukua majembe mawili yaliyokuwa yameegemea ukuta. Moja akanipa.

"Uongo wa majivu nitauungama mimi," akasema. "Wako kauungame mwenyewe."