Hesabu ya Mikeka Kumi na Sita

Watu wa mtaa wa Cheyo watakuambia kwamba Sikuzani binti Twalibu ana akili na ana kiburi, wala hawakosei kwa yote mawili. Akili alizaliwa nayo. Kiburi alikitolea jasho, mwaka 1975, ndani ya siku nne.

Baba yake alikuwa fundi kofia, zile nyeupe zinazodariziwa kwa mkono tundu kwa tundu. Mzee Twalibu hakuwa akishona kofia nzima. Alichora nakshi kwa penseli, akakata vipande, akavigawa kwa wanawake wa mtaani: huyu ubavu, yule kipande cha juu. Kila mmoja alidarizi barazani kwake huku akipika, akinyonyesha, akigombana na mumewe. Vipande vikirudi, viliungwa, na kofia ikamkaa mtu kichwani utadhani imetoka mkono mmoja. Sikuzani alikua akiyaona hayo, akadhani ndivyo kila kazi duniani inavyofanywa.

Alipomaliza darasa la nane aliajiriwa kupiga taipu katika ofisi ya kisomo cha watu wazima. Huko akakuta mambo mengine kabisa. Karani mkuu, Bwana Silasi wa Nzega, alikuwa na mwandiko safi na moyo mgumu: hakumwamini binadamu mwingine na namba. Kila hesabu ilipita kwenye kalamu yake, moja baada ya moja, na ofisi nzima ilikaa ikimngoja.

Ndipo ukaja mtihani mkubwa wa kisomo. Watu wazima wa vijijini walikaa chini kusoma, kuandika na kuhesabu mbele ya wasimamizi. Walimu wakasahihisha huko huko, na karatasi zikaletwa mjini. Za vijiji vya Sikonge zilikuja zimefungwa kwenye baiskeli, zikinuka tumbaku. Zilikuwa karatasi elfu kumi na saba, mia nne na sita. Kilichobaki ni kupanga kila karatasi katika daraja lake, la kwanza hadi la nne, wanawake mbali, wanaume mbali, kisha kutoa jumla. Amri ilikuwa fupi: taarifa iondoke na treni ya Ijumaa kwenda Dar es Salaam. Kituo kitakachochelewa, watu wake watahesabiwa hawakufanya mtihani.

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

"Nikifanya kwa haki," alisema Bwana Silasi akifuta miwani, "nitamaliza baada ya miezi miwili."

"Na watu wetu?"

"Nitaandika barua ya kuomba radhi."

Barua haikumtosha Sikuzani. Alikuwa mmoja wa wasimamizi, na alimwona mama mmoja akiandika jina lake kwa mara ya kwanza, kisha akilifunika kwa kiganja kana kwamba litaibwa. Leo mama yule aambiwe hakufanya mtihani, kwa sababu karani ana kalamu moja?

"Ndugu Karani," alisema, "babu zetu walipeleka mizigo pwani kwa miguu. Kulikuwa na mpagazi aliyebeba msafara mzima peke yake?"

"Mizigo haikosewi. Namba hukosewa."

"Nipe ukumbi wa ofisi na siku tatu."

Alimpa, kwa sababu hakuwa na lingine la kumpa.

Jioni ile Sikuzani alizunguka Cheyo akakusanya watu thelathini na wawili, wengi wao wadarizi wa kofia wa baba yake. Aliwatandikia mikeka kumi na sita, wawili kila mkeka. Halafu akaandika karatasi ya maelekezo, na hapo ndipo akili yake ilipoonekana. Hakuwaeleza habari za wilaya wala za madaraja ya taifa. Aliandika: Chukua karatasi moja. Soma alama. Tafuta alama hiyo kwenye jedwali. Piga kistari kimoja kwenye chumba chake, cha mwanamke au cha mwanamume. Weka karatasi kushoto. Basi. Kabla ya kuitoa alimpa Bibi Mwanamkuu, mdarizi mkongwe aliyekuwa amejua kusoma kwa mwaka mmoja tu. Kila mstari uliomkwamisha bibi ulifutwa, ukaandikwa upya. Mara ya nne bibi alisoma mpaka mwisho bila kuinua macho.

Jumanne vistari vilimiminika. Kila aliyemaliza furushi alikwenda kwenye ubao mmoja mkubwa mbele ya ukumbi, akaongeza hesabu yake juu ya jumla iliyopo. Ukumbi ulivuma kwa kazi. Sikuzani alitembea katikati ya mikeka akijiona waziri.

Jumatano alasiri Bwana Silasi alihesabu mafurushi yaliyokwisha, akatazama ubao, akahesabu tena. Alirudi anatabasamu, na tabasamu lake halikuwa zuri.

"Ubao umepungua mia tatu na kumi na wawili. Hao ni watu, Ndugu Sikuzani. Umewaweka wapi?"

Sikuzani alikwenda mikekani. Alichukua karatasi ya Bibi Mwanamkuu, akaipitia kistari kwa kistari: sahihi. Ya Amne, binti mwepesi wa mkono: sahihi. Akapitia kumi nyingine. Zote sahihi, na jumla bado mbovu. Alitamani kulia, akaona aibu kulia mbele ya Silasi. Akakaa kwenye ngazi akawatazama wanavyofanya.

Bibi Mwanamkuu aliinuka, akajikokota hadi ubaoni, akaanza kuandika polepole kama anayedarizi. Amne naye alikuwa amemaliza. Lakini Amne alilelewa vizuri. Kumsimamia mkubwa mgongoni ni kumharakisha, na mtoto wa Cheyo hafanyi hivyo. Kwa hiyo aliisoma jumla kutoka mbali, ile ya kabla bibi hajaibadilisha, akarudi mkekani, akajumlisha kwa heshima zote. Bibi alipokaa, Amne alikwenda, akafuta, akaandika yake. Hesabu ya bibi ilitoweka na vumbi la chaki.

Sikuzani alicheka mpaka watu wakamgeukia. Watu mia tatu na kumi na wawili walimezwa na adabu!

"Kuanzia sasa," alitangaza, akatupa kofia moja ya baba yake mbele ya ubao, "asiyeishika hii haruhusiwi hata kuutazama ubao!"

Dawa ilifanya kazi, ila kwa mwendo wa kinyonga. Watu thelathini na wawili, kofia moja: ikawa foleni ya kisimani, na nusu ya ukumbi ikakaa kupiga soga. Alitazama foleni ile akawa kama anamwona Bwana Silasi na kalamu yake, ila safari hii ameshika kofia. Akaufuta ubao wote.

"Vistari vyenu mnavyo kwenye karatasi, hakuna kilichopotea," aliwaambia. "Maliza kazi yako, ujumlishe na mwenzako wa mkeka. Mkeka ujumlishe na mkeka jirani. Majirani na majirani. Ubaoni hakuna anayekwenda tena."

Alhamisi asubuhi yule aliyekaa mkeka mmoja na Amne aliitwa msibani. Nafasi yake ikabaki tupu, na Sikuzani akaona mara moja hasara yake: mkeka ule ukichelewa, jirani atangoja, na jirani wa jirani pia. Kabla hajatafuta mtu, Bwana Silasi alivua viatu, akakunja suruali, akakaa. Bibi Mwanamkuu, wa mkeka jirani, alimsukumia karatasi ya maelekezo.

"Shikamoo, bibi," alisema Silasi.

"Marahaba. Soma mstari wa kwanza, mwanangu. Usiruke kwa vile umezoea kujua kila kitu."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na karani akasoma mstari wa kwanza.

Saa nane mchana mafurushi yalikwisha. Thelathini na wawili wakawa kumi na sita, wakawa wanane, wanne, wawili. Mara tano tu, na karatasi moja ikabaki mkononi mwa Sikuzani. Silasi aliijumlisha mwenyewe, mara tatu: elfu kumi na saba, mia nne na sita. Vigelegele vilisikika hadi barabarani. Treni ya Ijumaa iliondoka na taarifa.

Mwezi uliofuata ilikuja fomu kutoka Dar es Salaam. Waliotangulia kumaliza waliombwa kueleza walivyofanya, na mstari mmoja ulisema: Aina ya mashine iliyotumika. Wengine huenda waliuacha wazi. Silasi aliichukua kalamu yake, akamtazama Sikuzani.

"Niandike nini, Ndugu?"

"Andika walichokifanya watu. Kisha andika watu wenyewe."

Akaandika, kwa ule mwandiko wake safi. Mstari haukutosha, akageuza fomu, akaendelea nyuma. Sikuzani alisimama akimtajia majina, mkeka kwa mkeka, bila kutazama popote. Walipofika mkeka wa Amne alitaja la Amne, kisha la mwenzake aliyeitwa msibani. Bwana Silasi aliongeza la tatu, lake mwenyewe, bila kuambiwa na mtu.