Kumi ya Kifaransa

Kambo, yaani bibi yangu, alianguka mlangoni mwa choo, na muuguzi akampa dawa isiyomezwa: kila asubuhi ainuke kitini na kuketi mara kumi bila kushika kitu, hadi miguu iwe na nguvu ya kumfikisha kanisani, kule Kikula, peke yake. Kazi ya kuhesabu nikapewa mimi. Hapo ndipo familia ilipokosea.

Kambo hakusoma shule. Siku moja wenzangu wawili wa darasa walikuja kunichukua, nami nikajifanya mwalimu, nikahesabu kwa Kifaransa. "Debout!" anasimama. "Assis!" anaketi. Nilipofika sept, yaani saba, nikarudi trois, tatu; nilipofika sept tena nikarudi cinq, tano, na wenzangu wakawa hoi kwa kicheko. Naye alicheka, akidhani tunamshangilia. Nilipotangaza dix, yaani kumi, alikuwa ameinuka mara kumi na nane. Magoti yalimtetemeka hata kiti kikagongagonga sakafu.

"Bwana yangu," akaniambia, maana ndivyo bibi wa kwetu anavyomwita mjukuu wa kiume, "kumi ya Kifaransa iko murefu kupita ya kwetu."

Wenzangu walilipuka kwa kicheko. Mimi, bingwa wa utani, nilitazama magoti yake.

Kesho yake nilihesabu kumi ya kweli. Akabaki ameketi, akinitazama.

"Imeisha, kambo."

"Tayari? Weye, usinihurumie. Ile ya jana ndiyo itanifikisha kanisani."

Akakunja tena mikono kifuani. Nikaanza upya kumhesabia, kwa sauti ndogo, macho chini.